Matembezi ya wikendi Uluguru wakati wa masika: klabu ya watu 25 inajipangaje?

KatibuWaMatembezi anauliza:

Habari zenu wakuu. Klabu yetu ya matembezi ipo Dar, ina watu 25, umri kuanzia miaka 22 hadi 61. Wengi wamezoea lami na mchanga wa ufukweni, kilomita 10 wanazimaliza wakiongea. Mwezi wa nne tunataka kutoka nje ya jiji, na wazo lililopita ni Morogoro: tunapanda treni ya SGR Jumamosi asubuhi, tunapanda Uluguru hadi kilele cha Bondwa, jioni tunarudi na treni.

Wasiwasi wangu ni mvua. Kundi limegawanyika: wapo wanaosema masika hapapandiki, tungoje mwezi wa sita, na wapo wanaosema mvua ni maji tu. Naomba kujua:

Ratiba hiyo ya siku moja inawezekana? Hali ya hewa ya mlimani tunaisomaje, maana utabiri wa simu kila siku unaonyesha wingu na matone? Viatu na nguo gani, ukizingatia wengi wana raba za kawaida na wachache wamenunua buti za mtumba? Na nani anaamua kugeuza, kwa sababu najua watakuwepo wa kusema "tumebakiza kidogo tu".

MpandaUluguru anajibu:

Dada Katibu, nianze na hesabu, maana ndiyo inayojibu swali lako la kwanza.

Morogoro mjini ni kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Bondwa imepita mita 2,100. Kwa hiyo mnapandisha mita 1,600 hivi. Kundi mchanganyiko kama lenu, kwenye njia yenye tope, hupandisha mita 250 hadi 300 kwa saa likijumlisha mapumziko mafupi. Hiyo ni karibu saa sita za kupanda. Kushuka kwenye utelezi msihesabu nusu ya muda wa kupanda kama mnavyofanya kiangazi. Hesabuni saa nne. Jumla saa kumi. Sasa hata mkipanda treni ya kwanza, mkishuka kituo cha Kihonda, mkatafuta usafiri wa kuingia mjini, mkakutana na mwongozaji na kugawana maji, mguu wa kwanza mlimani unaanza saa nne asubuhi. Saa nne ongeza saa kumi, ni saa mbili usiku. Jua la mwezi wa nne linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, na chini ya miti giza linatangulia. Bondwa kwa treni ya kwenda na kurudi siku moja, wakati wa masika, haipo.

Mna njia mbili. Ya kwanza: siku moja, mnaishia Morningside, pale kwenye jumba la zamani la enzi za Wajerumani. Kupanda saa mbili hadi tatu, kushuka saa mbili, njia pana inayojulikana, mashamba ya mboga pembeni, na kama mna bahati wenyeji wanauza stroberi. Ya pili: mnalala Morogoro Ijumaa, mnaanza kutembea saa kumi na mbili na robo mara tu mwanga unapotosha kuona mizizi, na saa sita na nusu mchana mnageuza popote mlipo. Mwisho kabisa. Hata kama minara ya mawasiliano ya Bondwa mnaiona kwa macho.

Kuhusu hali ya hewa: acheni kuuliza "itanyesha au haitanyesha". Masika itanyesha. Swali la maana ni leo ni siku ya aina gani, kwa sababu Uluguru wakati huu ina siku za aina mbili, na hatari zake hazifanani.

Kuna siku ya upepo. Kusi imeanza kuvuma, hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inagonga milima, inapandishwa juu inapoa na kuwa wingu. Ndiyo maana upande wa mashariki, Kinole na Tegetero, mvua ni nyingi kupita kiasi, na upande wa Mgeta ni pakavu zaidi. Siku kama hiyo alfajiri mlima umevaa kofia ya wingu na hauivui hadi jioni. Ngurumo hakuna, ila manyunyu, ukungu na upepo. Hatari yake ni baridi na kupoteana. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, hivyo Bondwa ni karibu nyuzi 10 chini ya mjini, kabla hujaongeza upepo na nguo iliyolowa. Mtu wa Dar aliyeanza na jasho mjini, juu anatetemeka.

Halafu kuna siku ya utulivu. Usiku imenyesha, asubuhi anga ni jeupe, hakuna upepo, jua linachoma mapema. Hii ndiyo inayodanganya watu. Jua linapasha miteremko, mvuke unapanda, kufika saa tano mawingu yanaanza kusimama wima kama kichwa cha koliflawa, na kuanzia saa saba au saa nane ni ngurumo na mvua ya ndoo. Hatari yake ni radi na vijito. Siku hii msikae kwenye mgongo wa mlima baada ya saa sita.

Jinsi ya kutofautisha: saa kumi na mbili asubuhi angalieni mlima na miti, siyo simu. Kofia ya wingu na matawi yanayocheza, mnavaa tayari kwa baridi na mnatembea karibu karibu. Mlima wazi na majani yametulia, mnafupisha safari na kuwahi kushuka. Simu ifungueni jioni ya kuamkia safari kusoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mkoa wa Morogoro ni mkubwa, kwa hiyo neno "mvua katika baadhi ya maeneo" haliwaambii kitu kuhusu mlima wenu, lakini rangi zinawaambia. Angalizo la njano la mvua kubwa: ishieni Morningside. Tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu: msitoke Dar.

Jambo moja zaidi la kuangalia ni siku tatu zilizotangulia. Udongo wa pale ni mwekundu wa mfinyanzi juu ya miteremko mikali iliyolimwa. Mvua ya leo peke yake haina neno sana. Mvua ya siku tatu mfululizo imeshajaza udongo maji. Mkiona nyufa mpya kwenye njia, miti michanga iliyoinama upande mmoja, au chemchemi iliyokuwa safi inatoa tope, geuzeni hapo hapo. Yaliyotokea Katesh chini ya Mlima Hanang Desemba 2023 yanatosha kutufundisha udongo uliolowa unaweza nini.

FundiSoli anajibu:

Naomba niongelee hizo buti za mtumba, maana hapo ndipo safari nyingi huharibika na watu hawajui kwa nini.

Buti ya kupandia mlima ina tabaka tatu: soli ya chini ngumu ya mpira, soli ya kati laini ya povu, na ngozi au kitambaa cha juu. Lile povu la kati kwa buti nyingi ni la aina inayooza kwa unyevu wa hewa. Haiozi kwa kutembelewa, inaoza kwa kukaa. Buti iliyokaa kabatini Ulaya miaka minane, ikasafiri kwenye kontena, ikakaa kwenye joto la Dar, inaonekana mpya kabisa: soli ina meno yote, ngozi inang'aa. Saa ya pili ya kutembea kwenye maji, povu linakatika kama keki na soli nzima inabaki kwenye tope nyuma yako. Ya mguu wa pili huifuata baada ya nusu saa, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Pimeni hivi kabla ya safari. Bonyeza soli ya kati pembeni kwa ukucha wa kidole gumba. Ikirudi, sawa. Ikibaki na shimo, ikipasuka vipande au ikitoa unga, hiyo buti ni ya kutupa. Kisha ikunje kwa nguvu mara 20 na uangalie mpaka wa soli na ngozi kama unafunguka. Ikipita hapo, iloweke kwenye beseni usiku mzima, asubuhi tembea nayo kilomita 5 mtaani. Bora ivunjikie Sinza kuliko mlimani. Gundi ya dukani hailiokoi povu lililooza, maana unagundisha kwenye unga.

Kwenye begi la kundi wekeni vipande sita vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja urefu wa mita moja, upana wa vidole viwili. Soli ikiachia, funga viwili kwa kila mguu: kimoja nyuma kidogo ya vidole, kingine chini ya upinde wa mguu, vuta sana, fundo likae juu ya kamba za kiatu. Usifungie chini ya kisigino, kinachomoka. Mpira wa tyubu unashika hata ukilowa. Klipu za plastiki zinakatwa na mawe.

Wenye raba: raba ya kukimbilia yenye meno ya kina cha angalau milimita 4 inatosha kufika Morningside. Raba ya soli bapa, ile ya kuvalia mjini, kwenye mfinyanzi mwekundu ni kama kutembea juu ya sabuni. Na kila mtu akate kucha za miguu siku mbili kabla. Saa nne za kushuka, vidole vinagonga mbele ya kiatu mara maelfu, na kucha ndefu inakuwa nyeusi.

KijanaWaMgeta anajibu:

Nakubaliana na fundi ila msisahau gambuti. Huku wakulima wanapanda na gambuti au yeboyebo na wamebeba mzigo wa karoti kichwani. Kwenye tope la kisigino gambuti yenye meno makubwa inashika kuliko raba yoyote ya duka. Kwa safari ya Morningside mwenye gambuti inayomtosha asilazimishwe kununua kitu kingine.

Pia mkikuta njia imekuwa mfereji wa tope, piteni humo humo katikati. Watu wa mjini wakikwepa tope wanakanyaga kingo za matuta ya maharage, na ukingo ukishavunjwa na watu 25, mvua ya usiku inapitia hapo hapo na kuondoka na shamba. Viatu vinaoshwa mtoni, tuta linajengwa upya kwa jembe.

FundiSoli anajibu:

Kaka yangu wa Mgeta, kuhusu gambuti tofauti ni umbali. Mkulima anakwenda shamba lake, mguu umezoea. Kwa saa kumi gambuti haishiki kifundo, kisigino kinapanda na kushuka ndani, na lengelenge ni la uhakika. Maji yakiingia juu hayatoki. Kwa Morningside sawa, soksi mbili nene na saizi isiyozidi. Kwa Bondwa hapana.

Kuhusu kukanyaga matuta, asante sana. Hilo Katibu aliseme kwa sauti kabla ya kuanza.

NesiMstaafu anajibu:

Mwanangu Katibu, hongera kwa kuuliza mapema. Nitaongelea baridi, chakula na wale wakubwa wa umri.

Watu wanadhani baridi ya kudhuru ni ya theluji ya Kilimanjaro. Mwili uliolowa, uliochoka, wenye njaa, kwenye upepo, unaweza kushindwa kujipasha hata kwenye nyuzi 15. Dalili ya kwanza ni kutetemeka. Kisha mtu anakuwa mkimya au mkali bila sababu, anajikwaa, anashindwa kufunga zipu, maneno yanakuwa mazito. Ogopa zaidi mtu aliyeacha kutetemeka wakati bado amelowa kuliko yule anayetetemeka.

Mkimwona hivyo: msimamisheni mahali pasipo na upepo, mvueni nguo zote za juu zilizolowa, mvalisheni kavu, kofia kichwani, akalie begi na si ardhi, watu wawili wamkumbatie pembeni. Chai ya moto yenye sukari nyingi akiwa anaweza kumeza vizuri. Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe kali "apate joto". Pombe inafungua mishipa ya ngozi na joto lililobaki ndani linatoka nje.

Nguo: jinzi iacheni nyumbani. Jinzi ikilowa ni nzito, inabana mapaja na haikauki siku nzima. Fulana ya pamba vilevile. Vazi rahisi kuliko yote mnalo tayari: jezi ya mpira. Ile polista haishiki maji na inakauka mwilini. Juu yake sweta la flisi la mtumba, juu kabisa koti la mvua. Kanuni yangu ni hii: sweta livaliwe mnaposimama, livuliwe mnapotembea. Ukipanda umevaa sweta unalilowesha kwa jasho na juu huna tena kitu kikavu.

Kila mtu abebe jezi moja kavu, soksi kavu na khanga au kitenge kimoja, vyote ndani ya mfuko mzito wa taka uliofungwa fundo, kisha ndani ya begi. Kifuniko cha mvua cha nje ya begi hakitoshi, maji yanashuka mgongoni. Khanga msiidharau: ni taulo, ni shuka la kumfunika aliyepoa, ni bendeji ya kuning'iniza mkono, na khanga nne juu ya miti miwili ni machela.

Chakula: mihogo ya kuchemsha, mayai, chapati, karanga, ndizi mbivu. Kula kidogo kila saa moja na nusu badala ya kusubiri pilau juu. Maji lita mbili kila mtu, hata kama kuna baridi. Kwa anayeishiwa nguvu au kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Maji ya mto baada ya mvua yamejaa tope: chujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, yaacheni yatuame, ndipo mweke kidonge cha kutibu maji na kusubiri muda ulioandikwa kwenye paketi. Kidonge kwenye maji ya tope hakifanyi kazi yake sawasawa.

Wenye sukari na presha waje na dawa zao, na karatasi yenye majina ya dawa ikae kwa kiongozi. Mwenye sukari anayetumia insulini asiiweke mfuko wa nje wa begi wala asiiache ilowe, na awe na glukosi au soda ya kawaida karibu na mkono.

Mwisho, siafu. Mvua ikinyesha wanatoka mashimoni na kukata njia. Suruali iingizwe ndani ya soksi, mkiwaona mrukeni safu yao mmoja mmoja bila kusimama kupiga picha. Watu wanaposimama nyuma ya aliyesimama, wa tano ndiye anayesimama katikati ya siafu.

KatibuWaMatembezi:

Asanteni sana, shikamoo mama Nesi. Basi tunaishia Morningside safari ya kwanza, na Bondwa tutaiweka wikendi nyingine ya kulala. Nimebakiza mawili. Vijito: nimesikia njia inavuka maji. Na radi: tukikutwa nayo tufanye nini, maana kila mtu ana lake, wengine wanasema mzime simu.

MpandaUluguru anajibu:

Simu haivuti radi, dada. Iacheni iwake, mtaihitaji.

Radi mnaipima kwa kuhesabu. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10 hivi, na hapo tayari mko ndani ya eneo lake. Hesabu ikifika 30 au pungufu, tokeni kwenye mgongo wa mlima na mahali pa wazi, shukeni upande wenye vichaka na miti ya urefu unaolingana. Msijikinge chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, wala karibu na minara, nyaya na uzio wa chuma. Hii ya minara ni muhimu kwa Bondwa, kwa sababu ukuta wa kituo cha mawasiliano unaonekana kama kinga nzuri ya mvua. Tawanyikeni hatua kumi kumi, ili radi ikimpiga mmoja wabaki wa kumhudumia. Aliyepigwa hana umeme mwilini, mguseni na mwanzeni kumkandamiza kifua mara moja kama hapumui. Kaeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Vijito. Mvua ikinyesha juu, maji yanafika chini wakati mjini ni jua, kwa hiyo msitazame anga lililo juu ya kichwa chenu tu. Asubuhi mnapovuka, chagueni jiwe moja na mkumbuke maji yameishia wapi. Hiyo ndiyo rula yenu ya kurudi. Maji yakibadilika kuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakianza kubeba majani na vijiti, au mkisikia mawe yanagongana chini, hapavukwi, hata kama kina ni cha kifundo. Kwa maji safi mpaka ni goti la mtu mfupi kuliko wote, na siyo la kiongozi.

Mkivuka, legezeni mikanda ya mabegi ili ukianguka ulivue. Elekeeni mkondo unakotoka, fimbo mbele, sogeza mguu mmoja kwa wakati. Wadhaifu wapite katikati ya wawili wenye nguvu, watatu wameshikana mabega. Msimfunge mtu kamba kiunoni. Akianguka, kamba inamzamisha. Na kama maji yamepanda, subirini. Vijito vifupi vya mlimani hujaa haraka na kupungua haraka, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili baada ya mvua kukatika. Ndiyo maana ratiba lazima iwe na saa mbili za akiba kabla ya giza.

Sasa nani anaamua. Msimwachie mtu mmoja kuamua akiwa juu, amechoka, na watu 24 wanamtazama. Amueni mkiwa chini, muandike, mtume kwenye gurupu Alhamisi: saa ya kugeuza, sehemu mbili za kusimama na kukagua, na masharti matatu ya kugeuza bila mjadala, yaani ngurumo chini ya sekunde 30, mtu yeyote anayetetemeka akiwa ameshavaa nguo kavu, na kijito kilichopita jiwe la alama. Mwongozaji mwenyeji ana kura ya kukataa. Akisema tunashuka, tunashuka, hata kama hajaeleza sababu. Anaujua mlima kwa harufu.

Watu 25 wagawanyeni makundi matatu ya wanane wanane, kila moja na kiongozi mbele na mtu mzoefu mkiani, na mmoja anayebaki awe mratibu. Kundi la polepole litangulie. Mkitanguliza wenye mbio, wa mwisho wakiwafikia waliopumzika, waliopumzika wananyanyuka kuondoka, na mchovu hapati pumziko hata moja. Kila baada ya dakika 45 simameni dakika tano, hesabuni kwa namba kwa sauti, moja, mbili, tatu hadi mwisho. Filimbi: mlio mmoja simameni, miwili endeleeni, mitatu ikirudiwa ni hatari. Kwenye ukungu umbali kati ya mtu na mtu usizidi kuona mgongo wa aliye mbele.

Kushuka ndiko wanakoumia wengi, na sababu ni kuegemea nyuma. Ukiegemea nyuma kwa woga, uzito unahamia kisigino, kisigino kinateleza, unakalia mkono na kifundo cha mkono kinavunjika. Piga magoti kidogo, hatua fupi, uzito juu ya mguu wa mbele, kanyaga bapa. Fimbo ndefu kidogo kuliko ya kupandia, itangulie chini. Msikate fimbo hifadhini. Nunueni mipini ya fagio mjini, inafanya kazi vizuri.

MsafiriWaReli anajibu:

Nyongeza ya taratibu. Juu ya mashamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa Bondwa mnahitaji kibali, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali. Malizaneni na ofisi kabla ya Ijumaa mchana. Hata kwa Morningside waulizeni wanataka nini kwa kundi la ukubwa huo.

Treni: kila abiria anahitaji kitambulisho wakati wa kukata tiketi, kusanyeni namba mapema. Wikendi behewa hujaa, kateni tiketi za kurudi siku hiyo hiyo mnapokata za kwenda, na msikate ya treni ya mwisho. Kateni ya kabla yake, ili mkichelewa kwa kijito bado pawepo na treni moja ya kuhamia kama ina nafasi. Kihonda ni nje ya mji, agizeni Coaster mbili siku iliyotangulia badala ya kuanza kupatana na bodaboda 25.

Namba za dharura: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji. Ila zijueni pamoja na ukweli huu: gari linaishia barabara inapoishia. Kumbeba mtu mzima kwa machela kwenye tope kunahitaji watu wanane wa kupokezana wanne wanne, na mwendo ni nusu ya kawaida au chini ya hapo. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutovuka saa ya kugeuza.

Na siku mkighairi sababu ya tahadhari ya mvua, msiwaambie watu wabaki nyumbani, maana klabu inayoghairi mara mbili inakufa. Pangeni Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, kama safari ya akiba. Ni vilima vya chini, msitu wa TFS, barabara ipo karibu, na mvua ikizidi, ndani ya dakika arobaini mko kwenye gari.

KatibuWaMatembezi:

Nimeandika yote. Jumamosi hii kabla ya mazoezi kila mwenye buti ya mtumba aje nayo, tutabonyeza soli hadharani. Mama Nesi, swali dogo: miwani ya macho kwenye mvua, wapo wanne wanaovaa.

NesiMstaafu anajibu:

Kofia yenye kishungi mbele, ile ya kepu, chini ya kofia ya koti. Matone yanaishia kwenye kishungi. Ukungu kwenye vioo: paka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndani ya kioo, sugua kwa kitambaa laini hadi lipotee bila kusuuza. Na anayeona vibaya bila miwani asiwe wa mwisho wala wa kwanza, akae wa tatu, akanyage alipokanyaga mwenzake.